Lori lililogonga kila likifunga breki: uchambuzi wa kisa cha mlio wa saspensheni ya mbele

Kabla ya yote

Kazi hii niliifanya mwenyewe nikiwa na msaidizi mmoja. Namba ya gari, aina yake, majina ya wenyewe na ya gereji zilizotangulia nimeyaacha, hayamsaidii msomaji. Nimeandika kwa ajili ya fundi anayeanza, na kwa dereva aliyechoka kuambiwa "tubadilishe na hiki tuone".

Gari na historia yake

Lori la tani 7, ekseli mbili, umri wake miaka 11. Mbele lina ekseli ya boriti, yaani chuma kizima kinachotoka gurudumu hadi gurudumu, na juu yake zimekaa springi za majani. Kila springi imefungwa kwenye ekseli kwa U-bolti mbili, yaani bolti zilizopindwa umbo la U zenye nyuzi kwenye ncha zote mbili, kwa hiyo kila upande una nati nne. Katikati ya majani inapita sentabolti, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kitako cha ekseli. Upande wa mbele springi imeshikwa kwenye chasisi kwa pini isiyohama. Upande wa nyuma kuna shakeli inayobembea, ili springi ipate pa kurefukia inapokandamizwa. Breki ni za upepo, za ngoma.

Miezi 3 kabla halijafika kwangu, jani kuu la springi ya kushoto lilikatika safarini. Likabadilishwa usiku uleule kando ya barabara, na asubuhi gari likaendelea na mzigo wake. Wiki 3 baadaye dereva akaanza kusikia mlio wa kugonga chini ya miguu yake: *kong*, mara moja, halafu kimya.

Gereji ya kwanza ilibadilisha shokapu zote mbili za mbele. Mlio ukabaki, "ila umebadilika kidogo", kwa maneno ya dereva. Gereji ya pili ikaweka pini na bushi mpya za shakeli, kulia na kushoto. Safari hii mlio ukatulia siku 2, wote wakafurahi, siku ya tatu ukarudi kama ulivyokuwa. Waliporudi wakaambiwa sasa ni kingpini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Hapo mwenye gari akagoma. Alinipigia simu akasema: "Fundi, sitaki kununua kitu kingine mpaka mtu anionyeshe kwa macho kinachogonga."

Sharti hilo lilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichokuwa nacho.

Mahojiano na dereva

Nilimkalisha dereva kwenye benchi kabla sijagusa spana. Hujui ni kazi ngapi nimewahi kuziharibu kwa kuruka hatua hii.

— Linagonga lini?
— Nikikanyaga breki, fundi. Na nikipita matuta, lakini breki zaidi.
— Likiwa na mzigo au tupu?
— Tupu ndiyo balaa. Likipakiwa linapungua.
— Usukani unavuta upande?
— Kushoto, kidogo. Waliniambia ni tairi.
— Mara ya mwisho kabla ya mlio kuanza, nani aligusa nini huku mbele?
— Hakuna aliyegusa. Labda ile springi, lakini baada ya ile nilikimbia wiki 3 nzima bila tatizo.

Jibu hilo la mwisho nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari. Kwa bahati mbaya sikulifuata mara moja, na nitalieleza kosa hilo mbele.

Asubuhi iliyopotea

Kwa kuwa dereva alisema anausikia chini ya miguu, nilianza na bushi za kebini. Tukainamisha kebini, tukakagua kufuli lake, tukatikisa kwa mtalimbo. Bushi zilikuwa zimechoka kama za lori lolote la umri ule, lakini hazikugonga. Chasisi ni chuma kirefu, na mlio husafiri ndani yake kama mtu anayegonga bomba la maji upande wa pili wa nyumba. Unausikia pale unapotokeza, si pale unapoanzia. Nilijua hivyo, na bado nilienda kutafuta pale sikio liliponituma. Saa 3 zikaisha.

Kutenganisha milio miwili

Baada ya chakula nikapanda na dereva, tukazunguka uwanja wetu wenye makorongo, kisha nikashuka na kutembea kando huku yeye akiendesha kwa mwendo wa mtu. Nje ya kebini mambo yakawa wazi zaidi. Haukuwa mlio mmoja. Kulikuwa na *kong* nzito, ya chuma kizito kukutana na chuma kizito, inayokuja wakati wa breki. Na kulikuwa na *chaka-chaka* nyepesi inayofuata kila shimo dogo, haijali breki.

Mtu akiwa na milio miwili kichwani mwake akidhani ni mmoja, kila jaribio litampa majibu yanayopingana. Kwa hiyo tukaigawa. Chaka-chaka tukaipata ndani ya dakika 20: nilifungua bolti ya chini ya shokapu ya kushoto, tukazunguka uwanjani polepole, mlio mwepesi ukatoweka na kong ikabaki. Tulipoangalia, waliofunga shokapu mpya hawakurudisha washa za kikombe zinazobana mpira kutoka pembeni, basi jicho la shokapu lilikuwa linapiga braketi yake. Huo ndio uliokuwa ule mlio "uliobadilika kidogo". Kipuri kipya kilileta kelele yake kwenye gari ambalo tayari lilikuwa na nyingine.

Shokapu za zamani, kwa njia, zilikuwa bado nyuma ya gari, dereva hakuzitupa. Nilizisukuma na kuzivuta kwa mkono, zote mbili zilikuwa na ukinzani sawa juu na chini na hazikuvuja tone. Ziliondolewa zikiwa nzima.

Jaribio la breki, mbele na nyuma

Sasa kong. Nilimwomba dereva aende mbele kwa mwendo wa mtu, afunge breki kwa nguvu, aachie, aende mbele tena, afunge tena. Mara ya kwanza: kong. Mara ya pili: kimya. Ya tatu: kimya. Kisha nikamwambia arudi nyuma na kufunga breki. Kong. Akarudi nyuma tena na kufunga: kimya.

Tulirudia mara 6, na majibu yalikuwa yaleyale. Liligonga mara moja tu kila mwelekeo ulipobadilika.

Hapa ndipo kisa kilipofunguka. Kitu kilicholegea kwenda juu na chini, kama jicho la shokapu, hugonga kila shimo. Kitu kilicholegea kwenda mbele na nyuma hugonga mara moja, kikaegemea upande mmoja, na kubaki hapo mpaka kisukumwe upande wa pili. Tulikuwa tunatafuta kitu kinachosogea mbele na nyuma, nacho ni kizito.

Watuhumiwa wakabaki wachache: viatu vya breki na sahani inayovishika, pini ya mbele ya springi, au ekseli yenyewe kuteleza chini ya springi. Kingpini nilimweka pembeni lakini sikumwachia huru.

Ili kuitoa breki kwenye hesabu, tulilaza boriti ya mbao yenye unene wa sentimita 10, tukaizuia isiteleze, na dereva akasogeza gurudumu la kushoto taratibu mpaka likaigonga, bila kukanyaga breki kabisa. Mbao inalisukuma gurudumu nyuma kama breki inavyofanya, ila viatu vya breki havishiki chochote. Kong. Akarudi nyuma dhidi ya mbao nyingine: kong. Tukahamia gurudumu la kulia, kimya kabisa. Breki ikatoka, na upande ukajulikana.

Kingpini mshtakiwa

Kwa kuwa mwenye gari alikuwa ameshaambiwa ni kingpini, ilibidi nimpe jibu lenye kipimo. Tukainua gurudumu la kushoto, tukaweka stendi, nikalishika juu na chini nikalitikisa. Lilikuwa na mchezo, yaani lilichezacheza badala ya kutulia. Msaidizi wangu akatabasamu: "Si hii hapa, fundi?"

Nikamwambia apande akanyage breki. Breki ikifungwa, habu na nako (chuma kinachobeba habu na kugeuka kwenye kingpini) vinakuwa kitu kimoja, hivyo mchezo wa beringi unapotea na unaobaki ni wa kingpini. Ulipungua sana, lakini haukuisha. Tukaupima kwa saa ya kupimia na kulinganisha na kitabu cha gari: umechakaa, haujafika kikomo. Na jambo kubwa zaidi, katika kutikisa kote kule ile kong haikusikika hata mara moja.

Niliporudi kwa mwenye gari nilimwambia hivi: kingpini ya kushoto itakuja kubadilishwa siku moja, lakini leo siyo yeye anayegonga. Kwenye lori la miaka 11 ukitafuta kilichochakaa utakipata kila mahali. Gereji mbili zilizotangulia hazikuwa na waongo. Zilikuta bushi zilizokwisha, zikabadilisha bushi zilizokwisha. Tatizo ni kwamba walikihukumu kitu kwa uzee wake badala ya kwa ushahidi wa kuwepo kwake pale mlio ulipotokea. Jirani mzee hawi mwizi kwa sababu ya mvi.

Vumbi jekundu na mstari mweupe

Msaidizi alikuwa ameshavuta mpira wa maji aoshe chini ya gari ili tuone vizuri. Nilimzuia kwa kelele, hata akashtuka. Uchafu wa chini ya gari ni maandishi, na maji ya presha huyafuta.

Nikaingia na taa. Springi ya kulia ilikuwa na matope yaliyokauka sawasawa, yamefunika majani, kitako na U-bolti kama plasta moja. Ya kushoto, pale kitako cha ekseli kinapokutana na jani la chini kabisa, tope lilikuwa limepasuka kwa mstari mwembamba ulionyooka, na kutoka kwenye ufa ule palikuwa na unga wa rangi ya kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Nikaugusa kwa kidole na kuusugua: hauna mchanga. Chuma kikisuguana na chuma kwa hatua ndogondogo bila mafuta, husagika na kutoa unga wa namna hiyo. Pembeni ya U-bolti ya nyuma palikuwa na mng'aro wa upana wa ukucha, chuma kitupu kinachong'aa mahali ambapo kila kitu kingine kilikuwa cheusi.

Ningeweza kusimama hapo. Lakini mwenye gari alitaka kuona kwa macho, na mimi pia nilishawahi kudanganywa na kutu. Nikasafisha sehemu ndogo kwa brashi ya waya, nikachora mstari mmoja wa rangi nyeupe wima, kuanzia jani la chini kushuka hadi kwenye kitako cha ekseli. Tukaegesha simu chini kwenye kijiti cha kushikilia, kamera ikiutazama mstari, mbali na njia ya magurudumu. Mtu halali karibu na lori linalotembea, hata kama ni kwa mwendo wa kobe.

Dereva akaenda mbele na kufunga breki. Tukatazama video. Mstari ulikatika vipande viwili: kipande cha chini kikabaki nyuma ya cha juu kwa takriban milimita 3, kama meno yaliyokosana. Akarudi nyuma na kufunga breki, vipande vikapishana kwa upande wa pili. Tuliitazama mara 4. Mwenye gari tukamtumia, akapiga simu akiwa anacheka: "Sasa nimeona."

Kipimo cha mwisho: kutoka katikati ya pini ya mbele ya springi hadi kwenye ekseli. Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa milimita 4. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma upande mmoja, na hilo likaeleza kwa nini gari linavuta kushoto. Tairi hazikuwa na kosa.

Uamuzi: kwa nini hatukukaza tu

Swali la kwanza la mwenye gari lilikuwa la haki. "Kama zimelegea, si ukaze?"

Sababu za kukataa zilikuwa tatu, na ya kwanza ndiyo nzito. U-bolti ndizo zinazoishika ekseli, kwa mbano. Sentabolti kazi yake ni kuyaweka majani pamoja na kuionyesha ekseli mahali pa kukaa wakati wa kufunga. Haikuundwa kubeba nguvu ya breki. Ekseli ikitembea milimita 3, maana yake sentabolti imeshakatika au tundu lake limepanuka. Kukaza kungeifunga ekseli mahali pasipo pake, mlio ungekoma, na gari lingeondoka likiwa bovu lakini kimya. Pili, U-bolti ikishakazwa ipasavyo huwa imevutika, na ikifunguliwa hairudiwi. Hizi nilishuku zilirudiwa usiku ule barabarani. Tatu, springi iliyofanya kazi ikiwa imelegea katikati lazima ikaguliwe jani kwa jani.

Nati za upande wa kulia tulizijaribu kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Hazikusogea. Tukaziacha.

Kazi yenyewe

Magurudumu ya nyuma yakawekewa vizuizi, chasisi ikakaa juu ya stendi, na jeki ikaibeba ekseli peke yake ili springi isiwe na mvutano. Nati za kushoto zilifunguka kwa spana ya kawaida, bila bomba la kurefusha, na kwa lori hilo ni aibu. Kwenye kona zake palikuwa na alama mbili tofauti za spana: za zamani zilizoshika kutu, na nyingine mpya. Nikampigia simu dereva, akakumbuka kwamba gereji ya pili, walipokuwa kwenye shakeli, "walizipiga kidogo na hizi". Basi zile siku 2 za utulivu hazikuletwa na bushi. Zililetwa na robo ya mzunguko wa spana ambao hakuna aliyeuhesabu.

Nyuzi za ncha mbili kati ya ncha nne za U-bolti zilikuwa zimenyooka na kukonda. Nati mpya iliingia ikakwama katikati. Springi ilipoinuliwa, kichwa cha sentabolti kilibaki ndani ya tundu la ekseli, kimesuguliwa kama sarafu ya zamani. Kipande cha juu kilibaki kwenye majani. Pale kilipokatikia, zaidi ya nusu ya uso ulikuwa mweusi na laini, wenye mawimbi mawimbi. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kijivu na chengachenga. Hilo ni jeraha la muda mrefu. Halikukatika kwa shimo moja.

Majani yalisafishwa na kupakwa rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa. Jani kuu lilikuwa zima. La tatu lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukitokea kwenye tundu la sentabolti. Mahali pale, U-bolti zikibana vizuri, jani halipindi kabisa. Limebanwa tuli katikati ya chuma. Mbano ukilegea, jani linaanza kupinda hadi kwenye tundu, ambako ndiko lilikotobolewa na ndiko lilipo dhaifu. Tukalibadilisha.

Tundu la ekseli lilikuwa limepanuka kidogo kwenye mdomo wa juu, lakini chini kichwa kipya kilikaa bila kucheza. Kama kisingekaa, kazi ingesimama hapo. Boriti ya ekseli ya mbele haijazwi kwa kuchomelea, hata fundi awe na mkono wa dhahabu; joto linaharibu ugumu wa chuma chenyewe, na hicho ndicho kinachobeba usukani.

Kabari ya pembe, ile inayokaa kati ya springi na ekseli, tuliitia alama kabla ya kuitoa, upande mnene ulielekea wapi, kisha tukalinganisha na ya kulia. Ikigeuzwa, pembe ya kasta, yaani mlalo wa kingpini kuelekea nyuma, inabadilika na usukani unaanza kuzurura.

Kufunga kukaenda hivi. Nyuso zote zinazokutana zikawa safi na kavu, bila rangi nene wala grisi. U-bolti mpya, nati mpya, washa ngumu, vyote vya kipenyo, daraja na urefu uleule. Nati zikabanwa kiasi tu huku gari likiwa juu. Kisha tukarudisha gurudumu, tukalishusha gari likakaa kwa uzito wake, na ndipo tukakaza kwa kupishana, pembe kwa pembe, kwa awamu 3 hadi kipimo cha kitabu. Kipimo hicho sikitaji hapa kwa makusudi. Kinategemea kipenyo na daraja la bolti, na kipimo cha gari hili kinaweza kuikata bolti yako au kuiacha imelegea.

Washa za shokapu zikarudi mahali pake.

Matokeo

Jaribio la breki, mbele na nyuma, mara 10: kimya. Mbao: kimya. Vipimo vya kushoto na kulia vikalingana, alaimenti ikaangaliwa, gari likaacha kuvuta.

Jioni ileile, baada ya mzunguko mfupi, nati zilikubali kusogea kidogo. Dereva akaandika kwa kalamu nene kwenye kizuia jua: "U-BOLTI, KM 500". Alirudi akiwa ameshapiga safari za mzigo, na nati zote 4 zikakubali karibu robo ya mzunguko. Mara iliyofuata hazikusogea tena.

Miezi 3 baadaye tuliupima tena mchezo wa kingpini. Haukuwa umeongezeka kwa kiasi ambacho saa yetu ingekisoma.

Uchambuzi

Kilichotuokoa kuliko yote ni kuutoa mlio gari likiwa chini, kwenye uzito wake. Gereji zote tatu, yangu ikiwamo, zina tabia ya kuinua gari kwanza. Ukiliinua, springi zinaning'inia, nguvu inageuka, na kilicholegea kwa uzito kinaweza kutulia tuli mbele ya macho yako, huku kingpini isiyo na hatia ikicheza kwa furaha. Jeki inaonyesha uchakavu. Mlio wa namna hii unaonekana barabarani, au kwenye kitu kinachoiga barabara, kama ile mbao yetu.

Dalili ya mzigo nayo nilipaswa kuipa uzito mapema. Uzito ukiongezeka, springi inakandamizwa kwenye kitako na msuguano unapanda, kwa hiyo ekseli inashikika zaidi. Lori tupu linakosa hata hilo. Dereva alitupa ufunguo huo kwenye benchi, ndani ya dakika ya pili.

Kosa la kazi ya usiku ule kando ya barabara sitalisema kwa ukali. Mtu aliyefunga springi gizani ili mzigo usilale njiani alifanya alichoweza: U-bolti za zamani, bomba badala ya spana ya toki, gurudumu likiwa linaning'inia. Jani jipya lina rangi, na rangi ile husagika na kukaa chini ya mbano, hivyo nati iliyokuwa imekaza leo inakuwa imelegea kesho bila kuzunguka hata kidogo. Kilichokosekana ni sentensi moja kwa dereva: rudi ukaze. Wiki 3 zikatosha mbano kwisha, na wiki zilezile zikamfanya dereva aone springi haihusiki.

Je, sentabolti ilikatika kwanza ikailegeza ekseli, au mbano ulilegea kwanza ukaikata? Ule uso mweusi wenye mawimbi unajibu. Ufa ulikua siku baada ya siku, kwa nguvu ndogo ya kurudiarudia, na nguvu hiyo ingeifikia sentabolti ikiwa tu mbano ulishapungua.

Upande wangu, saa 3 za kebini ni deni langu. Na kulikuwa na jaribio la dakika 2 ambalo sikulifanya asubuhi: kuigonga kila U-bolti kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Iliyokaza hulia kama kengele, iliyolegea hujibu kama gunia. Haikati kesi, lakini ingenielekeza. Tulilifanya baadaye, kabla ya kufungua, kwa ajili ya kumfundisha msaidizi. Kulia kengele, kushoto gunia.

Ile mbinu ya kubadilisha kipuri na kusubiri inaleta hasara nyingine mbali na pesa: inaharibu ushahidi. Shokapu mpya zilileta mlio wa pili. Nati zilizopigwa kidogo zikaipa bushi sifa isiyo yake. Kufika mikononi mwangu, gari lilikuwa na historia yenye uongo ndani yake ambao hakuna aliyeukusudia, na nusu ya kazi yangu ilikuwa kuuchambua.

Kuhusu malipo ya vipuri vilivyowekwa bure, mwenye gari aliniuliza nimpe maoni. Bushi na pini za shakeli zilikuwa zimefika wakati wake, hizo asizidai. Shokapu alirudishiwa zile za zamani na anazo kama akiba.

Jambo moja bado tunabishania na fundi mwenzangu. Yeye anasema ningebadilisha U-bolti za kulia pia, kwa sababu zina miaka 11 na gari lilikuwa tayari limefunguliwa. Mimi nasema mbano uliokaa miaka 11 bila kusogea hauchokozwi ovyo, na nati zilizokataa spana ya toki zilijieleza zenyewe. Yeye hunijibu kwamba bolti haichoki kwa taarifa. Kila lori hilo likipita getini tunaanza upya.